Kukokotoa Elementi ya Matriksi ya Uozo wa Beta Maradufu Usio na Nyutrino: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Kompyuta Moja

Mwaka 2024 watafiti wa jaribio la KamLAND-Zen, ambao kigunduzi chao kimezikwa ndani ya mgodi wa Kamioka nchini Japani, walitangaza kwamba uozo wa beta maradufu usio na nyutrino katika zenoni-136, kama kweli upo, una nusumaisha (muda wa nusu ya viini kuoza) inayozidi miaka 3.8 × 10²⁶. Hilo ni tokeo moja la kipimo kimoja. Hata hivyo, walipoligeuza kuwa kikomo cha tungamo ya nyutrino, hawakuweza kuandika namba moja, bali waliandika masafa ya kati ya milielektronivolti 28 na 122. Tofauti hiyo inayozidi mara nne haikutoka mgodini. Ilitoka mezani kwa wananadharia, ambao kila kundi lao lina jibu lake kuhusu namna muundo wa kiini cha atomu unavyoongeza au kupunguza kasi ya uozo huo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili wa fizikia aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe, mwenye kompyuta mpakato ya kawaida, anayetaka kuikokotoa mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho, namba inayobeba athari hiyo ya kiini, yaani elementi ya matriksi. Ninachukulia kwamba umesoma mekanika ya kwanta hadi kujumlisha spini, na kwamba unaweza kuandika programu fupi kwa Python au Fortran. Seva kubwa haihitajiki kwa kiini nitakachokichagua. Kinachohitajika zaidi ni subira ya kukagua, kwa sababu kosa la alama ya kutoa katika kazi hii haliizuii programu kukupa jibu. Litakupa jibu safi lenye tarakimu nane, nalo litakuwa si sahihi.

Namba tunayoitafuta

Katika uozo wa beta maradufu wa kawaida, nyutroni mbili za kiini kimoja hugeuka kwa pamoja kuwa protoni mbili, na elektroni mbili na antinyutrino mbili hutoka. Maria Goeppert-Mayer alikadiria kasi yake mwaka 1935, na ulionekana moja kwa moja maabara mwaka 1987 katika seleni-82. Aina ya pili, ambamo elektroni hutoka bila nyutrino yoyote, inawezekana tu ikiwa nyutrino ni antichembe ya nafsi yake, kama Ettore Majorana alivyopendekeza mwaka 1937. Wendell Furry ndiye aliyeitumia fikra hiyo kwa uozo huu mwaka 1939. Aina hii ya pili haijaonekana bado.

Nusumaisha T yake huandikwa hivi:

1/T = G · g⁴ · M² · (m/mₑ)²

G hutokana na mwendo wa elektroni mbili zinazotoka, na hukokotolewa kwa usahihi mkubwa. Thamani zinazotumiwa sana ni za Kotila na Iachello za mwaka 2012. Herufi g ni kiunganishi cha aksiali cha nyukleoni (yaani protoni au nyutroni), takribani 1.27. Herufi m ni tungamo fanisi ya nyutrino, na mₑ ni tungamo ya elektroni. M ndiyo elementi ya matriksi ya kiini, ambayo haiwezi kupimwa maabara kwa njia yoyote ya moja kwa moja.

Ili uone uzito wa M, chukua jerimani-76, ambayo G yake ni 2.36 × 10⁻¹⁵ kwa mwaka, na uchukue m kuwa milielektronivolti 20. Ukiweka M = 3, utapata nusumaisha ya takribani miaka 1.2 × 10²⁸. Ukiweka M = 5, utapata takribani miaka 4.2 × 10²⁷. Thamani zote mbili zimo ndani ya yale yaliyochapishwa, kwani mbinu mbalimbali huipa jerimani-76 M ya kati ya takribani 2.5 na 6. Kwa jaribio ambalo kelele za mnururisho wa nje haziepukiki, uwezo wa kuona hukua kwa kipeo cha nusu tu cha tungamo ya sampuli, kwa hiyo tofauti ya mara 2.8 katika nusumaisha huwa tofauti ya karibu mara nane katika kiasi cha jerimani kinachopaswa kununuliwa. Mwananadharia anayesema kwamba kazi yake haigusi bajeti ya mtu hajaifanya hesabu hii.

Hatua ya kwanza: chagua kalsiamu-48

Wanafunzi wengi huvutwa na jerimani-76 au zenoni-136 kwa sababu majaribio makubwa yako huko. Ushauri wangu ni kuanza na kalsiamu-48, inayoozea kwenye titaniamu-48 kwa kutoa nishati ya MeV (milioni za elektronivolti) 4.27, na sababu zake ni za kiufundi kabisa.

Kalsiamu-48 ina protoni 20 na nyutroni 28. Ukikichukulia kiini cha kalsiamu-40 kuwa kimefungwa, zinabaki nyutroni nane tu za kushughulikia, nazo hukaa katika mizingo minne inayoitwa kwa pamoja tabaka la pf: f7/2, p3/2, f5/2 na p1/2. Katika titaniamu-48 zinabaki protoni mbili na nyutroni sita katika mizingo ileile. Idadi ya hali za msingi zenye jumla ya makadirio ya spini M_J = 0 ni 12,022 kwa kalsiamu-48 na 634,744 kwa titaniamu-48. Vekta moja ya titaniamu kwa usahihi wa baiti nane inachukua megabaiti tano hivi, na vekta 200 za Lanczos (mbinu ya kutafuta kwa marudio hali za chini za matriksi kubwa) zinafika gigabaiti moja. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti nane inaimudu kazi hiyo.

Sababu ya pili ni muhimu kuliko ukubwa. Tabaka la pf lina wenzi wote wa spini na obiti: f7/2 yuko pamoja na f5/2, na p3/2 yuko pamoja na p1/2. Kwa hiyo sheria fulani za jumla zinapaswa kutimia kwa ukamilifu, nazo zitakuwa mizani yako katika hatua zinazofuata. Katika nafasi inayotumiwa kwa jerimani-76, mizingo ya f7/2 na g7/2 haimo, kwa hiyo mizani hiyo hupotea.

Hatua ya pili: programu na mwingiliano

Programu mbili za modeli ya tabaka, yaani ile inayopanga nyukleoni katika mizingo kama hapo juu, zinazopatikana bure, na zinazotosha kwa kazi hii, ni KSHELL na BIGSTICK. Zote zimeandikwa kwa Fortran na zinahitaji mfumo wa Linux pamoja na kompaila ya gfortran. Msimbo wenyewe ni mdogo, hivyo bando la kawaida linatosha kuupakua. Kinachokula bando ni kusakinisha Linux na maktaba za LAPACK, jambo ambalo ni afadhali ulifanye chuoni penye mtandao wa waya.

Utahitaji pia faili la mwingiliano, yaani orodha ya nishati za mizingo minne pamoja na elementi za matriksi za nyukleoni mbili mbili. Kwa tabaka la pf zilizokubalika zaidi ni KB3G na GXPF1A. Tumia zote mbili tangu siku ya kwanza. Tofauti kati ya majibu yake itakuwa kadirio lako la kwanza la kutokuwa na uhakika, na ni rahisi zaidi kuendesha hesabu mbili sambamba kuliko kurudia kila kitu katika mwezi wa tatu wa kazi, msimamizi wako atakapouliza.

Neno moja kuhusu mazingira yetu. Umeme hukatika, hasa mvua za masika zinapoanza, na hesabu ya Lanczos iliyokatika katikati bila kuhifadhiwa hurudi mwanzo. Washa chaguo la kuandika vekta kwenye diski kila baada ya marudio machache, na usiitegemee betri ya kompyuta mpakato ya zamani. Kwa upande mwingine, anayefanya kazi Uyole au Makambako mwezi wa Julai ana neema ambayo wenzetu wa Dar es Salaam hawana: kichakataji kinaweza kukimbia usiku kucha bila kupunguza kasi kwa sababu ya joto.

Hatua ya tatu: hali za nishati

Kokotoa hali ya chini kabisa, yenye spini sifuri na pariti chanya, ya viini vyote viwili, pamoja na hali chache za juu yake. Linganisha na vipimo: hali ya kwanza ya 2⁺ (spini 2, pariti chanya) iko MeV 3.83 katika kalsiamu-48, na MeV 0.98 katika titaniamu-48. Ukikosa kwa zaidi ya MeV 0.3 hivi, usiendelee. Kwa kawaida umesoma vibaya kanuni ya kurekebisha nguvu ya mwingiliano kwa namba ya tungamo, ambayo huandikwa kama maelezo ya mstari mmoja mwanzoni mwa faili.

Angalia pia jinsi hali hizo mbili zinavyotofautiana. Ile 2⁺ ya juu katika kalsiamu-48 inaonyesha kiini kigumu, cha duara, ambacho nyutroni zake zimejaza f7/2. Ile ya chini katika titaniamu-48 inaonyesha kiini ambacho protoni na nyutroni zake zimeanza kushirikiana na kukipa umbo lisilo duara. Tofauti hiyo ndiyo itakayoifanya M iwe ndogo, na tutairudia.

Hatua ya nne: sheria ya Ikeda na uozo wenye nyutrino mbili

Kabla ya kuigusa nyutrino yoyote iliyofichika, hakikisha kwamba opereta ya Gamow-Teller, yaani spini ikizidishwa na ile inayogeuza nyutroni kuwa protoni, imeandikwa sawasawa. Sheria ya Ikeda inasema kwamba jumla ya nguvu ya kugeuza nyutroni, ukitoa jumla ya nguvu ya kugeuza protoni, lazima iwe 3(N − Z). Kwa kalsiamu-48 ndani ya tabaka la pf hakuna protoni ya kugeuza, kwa hiyo jumla ya kwanza peke yake lazima iwe 24. Haipaswi kuwa 23.7. Iwe 24, hadi kikomo cha usahihi wa kompyuta, kwa KB3G na kwa GXPF1A vilevile, kwa kuwa sheria hii haijali mwingiliano.

Kisha kokotoa uozo wa kawaida wenye nyutrino mbili, ambao umepimwa. Unaanza na vekta ya kalsiamu-48, unaitumia opereta ya Gamow-Teller, na vekta unayoipata unaifanya kuwa mwanzo wa mfuatano wa Lanczos ndani ya skandiamu-48. Hali za 1⁺ zitajitokeza, na kwa kila moja utazidisha amplitudi ya kutoka kalsiamu kwa amplitudi ya kwenda titaniamu, halafu utagawa kwa nishati. Kigawanyo ni nishati ya hali hiyo ukiondoa wastani wa tungamo za kiini cha mwanzo na cha mwisho. Kwa kuwa skandiamu ina protoni 21, katikati kabisa ya 20 na 22, tungamo za atomu zinafaa bila marekebisho ya elektroni: kigawanyo ni MeV 1.86 kujumlisha nishati ya hali ya 1⁺ juu ya hali ya chini ya skandiamu-48. Hali ya 1⁺ inayoongoza mchango imepimwa kuwa MeV 2.52, na ni kawaida kuzisogeza hali ulizokokotoa ili ya kwanza iangukie hapo.

Usizikuze amplitudi kwa kipeo cha pili kabla ya kujumlisha. Alama zake hutofautiana kutoka hali moja hadi nyingine, na baadhi ya michango hufutana. Hapa ndipo wanaotumia majedwali ya nguvu badala ya amplitudi hukwama.

Jaribio la NEMO-3 mwaka 2016 lilitoa nusumaisha ya miaka 6.4 × 10¹⁹ kwa kalsiamu-48. Ukitumia G ya uozo huo, takribani 1.56 × 10⁻¹⁷ kwa mwaka, na g = 1.27, elementi inayotakiwa ni karibu 0.038 kwa MeV. Hesabu yako ghafi itatoka kubwa zaidi. Katika tabaka la pf imezoeleka kuizidisha kila opereta ya Gamow-Teller kwa 0.77 hivi, na kwa kuwa ziko mbili, jibu hupungua hadi asilimia 59 ya lilivyokuwa. Baada ya punguzo hilo, ukiwa ndani ya mara moja na nusu ya kipimo, uko salama kuendelea.

Punguzo hilo limewasumbua wanafizikia kwa miongo mingi. Mwaka 2019 kundi la Gysbers na wenzake lilionyesha kwamba sehemu kubwa yake hueleweka kwa uozo wa beta wa kawaida ukizingatia mikondo ya nyukleoni mbili na uhusiano kati ya nyukleoni ambao modeli ya tabaka huuacha nje. Hata hivyo, haifuati kwamba punguzo lilelile linafaa kwa uozo usio na nyutrino, kwa sababu humo kasimwendo inayopita kati ya nyutroni mbili ni kubwa, karibu MeV 100 hadi 200, ilhali katika uozo wa kawaida iko karibu na sifuri. Usiweke 0.77 katika M ya mwisho kimyakimya. Kama utaiweka, toa jibu lenye punguzo na lisilo na punguzo kando kwa kando.

Hatua ya tano: kani ya nyutrino

Nyutrino inayotolewa na nyutroni moja na kumezwa na nyingine hufanya kazi kama kani kati ya nyukleoni mbili zilizotengana kwa umbali r:

H(r) = (2R/π) ∫ j(qr) · h(q) · q dq / (q + E)

R ni nusu kipenyo cha kiini, 1.2 A^(1/3), ambayo kwa A = 48 ni femtomita 4.36. R imewekwa ili M isiwe na yunti, na lazima iwe ileile iliyotumika katika G. Herufi j ni kitendakazi cha Bessel cha daraja la sifuri kwa sehemu za Fermi (isiyogusa spini) na Gamow-Teller (inayogusa spini), na cha daraja la pili kwa sehemu ya tensa (inayotegemea pia mwelekeo wa spini). E ni nishati ya wastani ya hali za katikati. Kanuni iliyozoeleka ni 1.12 √A, yaani MeV 7.8 kwa kiini chetu. Kuweka wastani badala ya kujumlisha hali zote huleta kosa la asilimia kumi hivi, na ukibadilisha E kutoka MeV 5 hadi 10 utaona jibu halitikisiki sana, kwa kuwa q kwa kawaida ni kubwa kuliko E mara nyingi. Ndani ya h(q) kuna vipengele vya umbo la nyukleoni, vyenye vikomo vya takribani MeV 850 kwa sehemu ya vekta na MeV 1090 kwa ya aksiali, pamoja na istilahi (yaani vipande vya fomula) za pioni na za sumaku ambazo hupunguza M kwa asilimia 20 hadi 30.

Kuna kipimo cha haraka cha kuijaribu programu yako ya integrali. Weka h(q) = 1 na E = 0; jibu lazima liwe R/r kamili. Integrali hiyo huyumba na hukawia kutulia, kwa hiyo usishtuke ukihitaji kwenda hadi q kubwa sana. Vipengele vya umbo vikirudishwa, tatizo hutoweka.

Sasa unahitaji elementi za matriksi za kani hiyo kati ya jozi za nyukleoni ndani ya mizingo ya osileta (mfano wa chembe inayotikisika kama kwenye springi). Kwa A = 48, kanuni ya 45A^(−1/3) − 25A^(−2/3) inatoa nishati ya osileta ya MeV 10.5 na urefu wa b wa femtomita 1.99. Unazibadili kuratibu za nyukleoni mbili kuwa za umbali kati yao na za kitovu cha tungamo kwa mabano ya Talmi na Moshinsky. Mtego uko hapa: urefu wa osileta kwa umbali wa jamaa ni b mara √2, yaani femtomita 2.81, kwa sababu tungamo ya jamaa ni nusu ya ya nyukleoni. Jikague kwa wastani wa r² katika hali ya n = 0 na l = 0, ambao lazima uwe femtomita mraba 11.9. Ukipata 5.9, umesahau √2.

Hatua ya sita: kuunganisha, na mizani mbili zisizodanganya

M ni jumla ya elementi hizo za jozi, kila moja ikizidishwa kwa amplitudi ya kuondoa nyutroni mbili kutoka kalsiamu-48 na kuweka protoni mbili ili kupata titaniamu-48. Kama programu yako haitoi amplitudi hizo moja kwa moja, zipitishie kwenye kalsiamu-46: kokotoa amplitudi za kuondoa nyutroni mbili hadi kila hali ya kalsiamu-46, halafu za kuongeza protoni mbili hadi titaniamu-48, na ujumlishe. Njia hii ina faida ya ziada, kwani viini vyote viwili vya mwanzo na mwisho vina spini sifuri, kwa hiyo spini J ya hali ya kalsiamu-46 ndiyo spini ya jozi iliyoondolewa. Ndani ya tabaka la pf J huanzia 0 hadi 6.

Ugumu uko kwenye makubaliano ya alama. Programu moja huanza mawimbi ya osileta yakiwa chanya karibu na kitovu, nyingine yakiwa chanya mbali. Moja hujumlisha obiti kisha spini, nyingine hugeuza mpangilio. Hakuna kosa la aina hii litakalotoa onyo. Kwa hiyo, kabla ya kuangalia M yenyewe, iondoe kani kabisa na uweke H(r) = 1 kila mahali.

Kwanza, sehemu ya Fermi lazima iwe sifuri. Bila kani, opereta yake inabaki kuwa ile inayopandisha mara mbili isospini (namba inayotofautisha protoni na nyutroni, yenye kanuni kama za spini), nayo haiwezi kubadilisha ukubwa wa isospini. Kalsiamu-48 ina isospini 4 na titaniamu-48 ina 2, kwa hiyo hakuna njia kati yake. Ukipata 0.3 badala ya 10⁻⁷, kuna alama iliyogeuka, na mara nyingi iko kati ya f7/2 na f5/2.

Pili, sehemu ya Gamow-Teller bila kani lazima ilingane na jumla ya mazao ya amplitudi za hatua ya nne, safari hii bila kugawa kwa nishati. Hesabu hizo mbili zimepitia njia tofauti kabisa, moja kupitia skandiamu-48 na nyingine kupitia kalsiamu-46. Zikikubaliana hadi tarakimu ya tano, ujue amplitudi zako ni sahihi. Ningekubali mwanafunzi atumie mwezi mzima kwenye mizani hizi mbili kuliko aniletee M iliyopatikana kwa wiki moja bila hizo.

Baada ya hapo rudisha H(r), na ujumlishe M = M(GT) − M(F)/g² + M(T). Kwa KB3G au GXPF1A jibu linapaswa kuangukia kati ya 0.6 na 0.9, kutegemea unavyoshughulikia masafa mafupi. Sehemu ya Gamow-Teller ndiyo kubwa, ya Fermi huongeza kwa kuwa ina alama tofauti, na ya tensa hupunguza kidogo.

Hatua ya saba: kusoma muundo ndani ya namba

Hapa ndipo fizikia ilipo, na inasikitisha kwamba tasnifu nyingi huishia kwenye jumla tu. Gawa M kwa spini ya jozi. Utaona mchango wa J = 0 ni mkubwa na chanya, na michango ya J nyingine, J = 2 ikiongoza, ni hasi na hula sehemu kubwa ya ule wa kwanza. M ndogo ya kalsiamu-48 ni mabaki ya ufutano huo. Jozi za J = 0 hutokana na nguvu ya kuoanisha nyukleoni zinazofanana; nyingine huingia kadiri jozi zinavyovunjika na kiini kinavyopata umbo.

Ukitaka kulithibitisha, zuia hesabu yako ibaki na hali ambazo jozi zote zimefungwa, kisha uruhusu jozi moja kuvunjika, halafu mbili. M itashuka kila unapoongeza uhuru. Hii ndiyo sababu mojawapo ya modeli ya tabaka kutoa M ndogo kuliko mbinu zinazosisitiza uoanishaji. Vilevile, viini viwili vyenye maumbo tofauti huwa na mfanano mdogo wa funksheni zake za wimbi, na M hupungua. Ndiyo maana neodimiamu-150, yenye G kubwa sana, haivutii kama ilivyodhaniwa awali.

Chora pia mchango wa M kwa kila umbali r. Utapata kilele karibu na femtomita moja, na baada ya femtomita tatu karibu hakuna kitu. Kiini chenyewe kina nusu kipenyo kinachozidi femtomita nne, kwa hiyo uozo huu hutokea kati ya nyutroni zinazokaribia kugusana, na kila kosa letu kuhusu tabia ya nyukleoni katika umbali huo huingia moja kwa moja kwenye jibu.

Hatua ya nane: kutokuwa na uhakika

Modeli ya tabaka haijui kwamba nyukleoni hukwepana zinapokaribiana mno. Zidisha kani kwa mraba wa 1 − c·exp(−ar²)(1 − br²). Vigezo vya zamani vya Miller na Spencer, a = 1.1, b = 0.68 na c = 1, hukata M kwa karibu robo; vile vilivyotokana na kani ya Argonne, a = 1.59, b = 1.45 na c = 0.92, huibadilisha kwa asilimia chache tu na ndivyo vinavyoaminika zaidi leo. Toa jibu kwa vyote.

Ukubwa wa nafasi ni suala jingine. Iwata na wenzake mwaka 2016 waliongeza tabaka la sd chini ya pf, na M ya kalsiamu-48 ikapanda kwa asilimia 30 hivi. Kompyuta yako haitaweza kurudia hesabu hiyo, lakini hilo halikuzuii kuitaja kama ukingo wa kosa lako.

La mwisho ni jipya zaidi. Mwaka 2018 Cirigliano na wenzake walionyesha kwamba nadharia fanisi ya kani za nyuklia inadai istilahi ya mguso (kani ya nyukleoni zinapokuwa mahali pamoja), ambayo haikuwamo katika hesabu zote za miaka ya nyuma. Wirth, Yao na Hergert waliikokotoa kwa kalsiamu-48 mwaka 2021 na kukuta kwamba inaongeza M kwa asilimia 43. Wakati huohuo, mbinu zinazoanzia kwenye kani za msingi bila kurekebishwa kwa kiini husika zimetoa M ya kalsiamu-48, kabla ya mguso huo, ya karibu 0.6, chini ya nyingi za modeli ya tabaka. Marekebisho mawili yanavuta pande tofauti, na huwezi kuchagua lile linalokupendeza.

Kuhamia viini vikubwa

Kwa jerimani-76 utatumia mizingo ya p3/2, f5/2, p1/2 na g9/2 juu ya nikeli-56, kwa mwingiliano wa JUN45 au GCN28:50. Kwa zenoni-136 utatumia g7/2, d5/2, d3/2, s1/2 na h11/2 juu ya bati-100, na hapo nyutroni zimejaa kabisa, hivyo kazi yote iko kwenye bariamu-136. Katika nafasi zote mbili sheria ya Ikeda haitatimia, kwa kuwa baadhi ya wenzi wa spini na obiti hawamo. Usiipindishe programu iliyofaulu kwenye kalsiamu ili ikupe 36 kwa jerimani. Mizani ya Fermi bila kani bado inafanya kazi, ilimradi protoni na nyutroni zina mizingo ileile na mwingiliano haubagui kati yake. Ndiyo ya kuendesha kwanza baada ya kubadili faili, kabla hata ya kuangalia nishati.